Mgeni Huanza Kudaiwa Lini?

Mgeni kutoka Ulaya akishapanga nyumba Ikolo na kuzoea joto la uwanda wa Kyela, hujiuliza kimoyomoyo: hawa watu wamenikubali? Dalili zote ni njema. Watoto wanamjua kwa jina. Akina mama wanaotoka shambani wanapiga magoti kumwamkia. Jirani mmoja kaleta mkungu wa ndizi, mwingine mchele, ule wa Kyela unaonukia tangu ukiwa jikoni. Akijibu "ndaga fijo", yaani asante sana, kicheko kinasikika hadi nyumba ya tatu. Basi anawapigia simu wa kwao kuwaambia kwamba sasa na yeye ni mtu wa Ikolo.

Bado. Anayeshangiliwa kila akifungua mdomo ni mgeni mheshimiwa, na heshima nayo ni namna ya kumwacha mtu barazani.

Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, wana fikra za kina juu ya ujirani, na kwa bahati sehemu ya fikra hizo iliandikwa na wageni. Godfrey Wilson, Mwingereza, alifika Unyakyusa mwaka 1934. Mkewe Monica, mzaliwa wa Lovedale, Afrika Kusini, akamfuata mwaka uliofuata, wakafanya utafiti hadi 1938. Mengi waliyoyajua waliyapata kwa msaada wa Leonard Mwaisumo, karani wao, ambaye jina lake lingestahili kukaa juu zaidi kwenye majalada ya vitabu vile. Mwaka 1951 Monica alichapisha Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya marika. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi walijijengea vibanda kando ya kijiji cha baba zao, wakakua pamoja na kuzeeka pamoja. Jirani wa mtu alikuwa mwenzake wa rika, si lazima ndugu wa damu. Baadaye Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969, aliitilia shaka sehemu ya picha hiyo, lakini jambo moja halina ubishi mkubwa: watu walihama sana. Aliyegombana na wenzake, au aliyeshukiwa uchawi, alifungasha akaenda kuomba mahali kwa malafyale, yaani chifu, mwingine. Na machifu wenyewe, kwa masimulizi yao, asili yao ni Ukinga, kule kwenye milima ya Livingstone. Walikuja na moto na ng'ombe. Hata mtawala alikuwa mtu wa kuja.

Kilichowaunganisha watu hao kiliitwa ukwangala: kula, kunywa na kuzungumza na wenzako, kwa imani kwamba hekima hupatikana humo na mpweke hajifunzi kitu. Ila ukwangala ulikuwa na meno. Aliyejifungia na nyama yake, au aliyewanyima majirani karamu waliyoistahili, aliaminika kupatwa na pumzi ya watu: minong'ono ya wenzake ilimletea baridi mwilini na homa, mpaka atengeneze nao. Msomaji wa leo anaweza kuiweka kando imani hiyo, lakini mantiki yake inabaki. Hakuna anayemnung'unikia mtu asiyemdai kitu. Jirani wa kweli ni yule ambaye akikunyima, unaumia.

Dini zimeligusa jambo hilo kwa njia zake. Mwaka 622 Waislamu wa Makka walipohamia Madina, Mtume Muhammad aliwaunganisha kwa undugu na wenyeji wao, Ansari. Saad bin Rabii, mwenyeji, akataka kumpa Abdurrahman bin Auf, mhamiaji, nusu ya mali yake. Abdurrahman alimshukuru, akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Alichuuza, akapata faida, akaoa mwanamke wa Ki-Ansari. Habari zilipomfikia Mtume, alimwelekeza afanye karamu ya ndoa, walau ya kondoo mmoja. Wahubiri hupenda kukaa kwenye ukarimu wa Saad, na wana haki. Lakini mwisho wa kisa unasema zaidi: mhamiaji aliyekuja mikono mitupu sasa anatazamiwa kuwalisha wengine.

Ikolo mahali pa kuliona hilo ni msibani. Wanaume wamekaa nje kwenye mikeka na viti vya kuazima, akina mama ndani na marehemu, nyuma ya nyumba masufuria makubwa yako motoni. Kuna daftari la rambirambi na mtu wa kuliandika. Mgeni aliyezoea taratibu za kwao hufika na bahasha nono, hutoa pole, hukaa nusu saa, huondoka. Watu humshukuru kwa dhati, na hakuna atakayemsema. Siku atakaposikia kwamba watu wamelalamika, eti alikuwepo kijijini na hakuja kuchimba kaburi, atakasirika. Pengine ataona wenyeji hawana shukrani. Kumbe siku hiyo ndiyo jina lake limehamia kwenye orodha ya watu wanaotegemewa.

Kukubaliwa kuna gharama nyingine, nayo ilimpata Godfrey Wilson. Kutoka Unyakyusa alikwenda Rhodesia ya Kaskazini kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, akawachunguza wafanyakazi wa Broken Hill, Kabwe ya leo. Ukaribu wake na Waafrika, pamoja na msimamo wake wa kukataa vita, uliwachukiza Wazungu wenzake, na mwaka 1941 akajiuzulu. Walioanza kumwona mgeni walikuwa watu wa rangi yake.

Sheria nayo humwekea mgeni mipaka. Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hayo wazee hawayabishii. Wao wana kipimo wanachokitumia hata kwa watoto wao: Mnyakyusa aliyeishi Dar es Salaam miaka arobaini, mwenye nyumba Mbagala na wajukuu wasiojua Kinyakyusa, akifa mara nyingi hupakiwa garini usiku na kurudishwa Kyela. Kwa hiyo wanapomuuliza mgeni wao, nusu utani, kwamba yeye watamzika wapi, hawamfukuzi. Wanataka kujua kama wamwandalie nafasi.