Huyu Buda Si Apumzike?

Ozzy Osbourne alipotoa albamu yake ya Patient Number 9, Septemba 9, 2022, alikuwa na miaka 73 na mwili uliochoka kwelikweli. Alianguka nyumbani mwaka wa 2019, akapasuliwa shingo, na mapema 2020 akatangaza kwamba ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kutembea kwa shida. Sisi wachache tunaopenda roki hapa Nairobi tulikuwa na jibu moja: huyu buda si apumzike tu? Pesa anayo, jina analo, Black Sabbath walianza 1968. Studio anatafuta nini?

Swali hilo linasikika kama huruma. Mimi sina hakika ni huruma.

Wanaosema apumzike huwa na hoja ya kwanza kwamba albamu yenyewe si kazi yake. Ni kweli amebebwa. Jeff Beck yumo, Eric Clapton yumo, Zakk Wylde yumo, na prodyusa ni Andrew Watt, kijana aliyezaliwa 1990. Sauti ya mzee imepambwa kwa mitambo mpaka ikasimama. Kwa hivyo ni udanganyifu, ama?

Hapo ndipo namkumbuka Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati huko Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono huo wa kulia ndio wa kubonyeza nyuzi. Wengi wetu tungeuza gita. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki, akajiundia vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Nyuzi zikilegezwa sauti inashuka, inakuwa nzito. Ule uzito ambao mashabiki wa metali duniani kote wanauita nguvu ulitokana kwa sehemu kubwa na mkono ulioumia. Sasa muziki uliozaliwa na vidole vya plastiki unapata wapi ujasiri wa kumwambia mgonjwa kwamba mwili wake haufai?

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na siwezi kuiruka. Kuna watu wanaokula kupitia mgonjwa. Jina la albamu lenyewe linamtaja mgonjwa, na wimbo uliobeba jina hilo unamhusu mtu aliyefungiwa hospitali ya akili. Maradhi yamewekwa kwenye jalada yauzwe. Mtu aliyezungukwa na familia, mameneja na kampuni, wote wakimsubiri, akisema "nataka", tutajuaje ni yeye anayetaka? Nje hatuwezi kujua. Lakini hata akisema "sitaki" tungepaswa kuuliza vilevile, na hakuna anayeuliza. Mzee akikubali kukaa chini tunamwamini mara moja.

Mtaani kwetu kuna fundi wa viatu ambaye mikono yake imeanza kutetemeka. Wateja wamehamia kwa kijana wa ng'ambo ya barabara, kila mmoja akisema, "Mzee apumzike, amefanya kazi sana." Hakuna aliyemuuliza atakula nini, wala atafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Na si kwamba kushona kumemshinda, anachelewa tu. Ozzy alikuwa na watu wa kumsubiri. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati yao, kipaji hakiingii hapo.

Kwa hiyo nikiisikiliza albamu hii sitafuti sauti ya 1970. Nyimbo kadhaa ni za kawaida, nyingine ndefu bila sababu. Ila Degradation Rules naurudia. Iommi ndiye anayepiga gita, na Ozzy anapuliza harmonika kama alivyopuliza katika The Wizard, miaka 52 kabla. Wimbo huo ulipata Grammy mwaka wa 2023. Miaka miwili baadaye, Julai 5, 2025, wawili hao walikuwa jukwaani tena Villa Park, Birmingham, mmoja amesimama na gita, mwingine ameketi kwenye kiti akiimba. Ozzy alifariki siku 17 baada ya hapo.