Kilichoanguka ni cha Nani?

Katika viambo vya pwani na visiwani, sauti ya kwanza baada ya adhana ya alfajiri ni ya ufagio. Chelewa hupita juu ya mchanga, zikauacha na mistari. Marehemu mama yangu alifagia uwanja wetu hivyo maisha yake yote. Majani, makuti, makarara na vidaka vilivyopukutika, vyote vilikusanywa pembeni vikatiwa moto, na moshi wake kwetu ndio uliokuwa harufu ya asubuhi. Alipofariki, nikarithi kiambo chenye minazi kumi na mmoja, nikaanza kutandaza chini ya minazi hiyo yale yaliyoanguka. Hazikupita wiki mbili, bibi mmoja jirani yetu akanisimamisha njiani. Akaniambia kwa upole: “Mwanangu, nyumba ya marehemu imekuwa kama gofu. Watu watasema hakuacha mtoto.”

Maneno yale yaliniuma, wala hayakuwa ya upuuzi. Ndani yake mna swali ambalo tangu siku hiyo sijaweza kulikwepa. Je, kusafisha mahali ni wema usio na mpaka? Na kile kinachoanguka kutoka mtini, ni cha nani?

Tuanze kwa kumpa jirani haki yake. Uwanja uliofagiwa ni salamu kwa mgeni kabla hajabisha hodi. Ni dalili kwamba nyumba ina mtu, na mtu huyo ana haya. Tangu chuoni tumefunzwa kwamba unadhifu ni katika dini. Tena mchanga uliofagiwa ni mlinzi: nyoka akipita usiku, alama yake huonekana asubuhi, akija mwizi, nyayo zake husomeka. Anayedhani kwamba desturi hiyo ni ujinga tu atakuwa amewadhulumu wazee.

Hata hivyo, hebu tuutazame mnazi wenyewe. Ni nadra kuuona mti tunaougawana kwa uangalifu kama huu. Nazi ni ya mwenye mti. Kuti ni la msuka makuti, ambaye siku hizi huwauzia hata wenye mahoteli ya ufukweni. Makumbi hufukiwa pwani, maji yakapwa na kujaa juu yake kwa miezi, kisha kina mama wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Kifuu huwa upawa au kuni. Chelewa ndizo ufagio wenyewe, hata ikawa mnazi unanyang’anywa majani yake kwa mkono wake. Visiwani mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyouotesha ikawa ya mwingine, na warithi wanapogawana, minazi huhesabiwa mmoja mmoja. Katika mgao huo wote sijasikia mtu akiuliza fungu la ardhi ni lipi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ardhi ipo, tena chini ya miguu yetu, na lake bado halipo.

Kukosa huko si jambo la maneno matupu. Mnazi mzima huangusha kuti takriban kila mwezi, yaani makuti 12 au zaidi kwa mwaka, na kila kuti limejengwa kwa kile kilichovutwa na mizizi. Mnazi hauna mzizi mkuu unaozama chini sana. Una mizizi mingi itokayo kwenye shina, na sehemu kubwa yake hula katika tabaka la juu la udongo. Mchanga wetu nao haushiki maji wala chakula. Mvua ya masika hupita ndani yake kama katika kung’uto la tui. Kinachoweza kuizuia ni majani yaliyooza. Mnazi unahitaji mno madini ya potasiamu, na madini hayo yamejaa katika makumbi tunayoyatupa. Tukichoma, naitrojeni hupotea hewani, majivu hukokotwa na mvua, na uozo ambao ungehifadhi unyevu haupatikani kabisa. Ikifika kaskazi, jua likaketi juu ya mchanga mtupu, vidaka hupukutika kabla havijawa vitale, nasi tukasema minazi imezeeka.

Hapa mwenye kupenda hoja atauliza: ardhi yawezaje kuwa na haki, ilhali haisemi, haidai wala haiumwi? Swali hili ni zito, lakini halishindi. Katika sheria na katika mila zetu, yatima aliye mchanga ana mali yake ingawa hajui kuhesabu, na walii wake hawezi kujitetea kwamba mtoto hakulalamika. Kutoweza kudai hakuondoi haki; huongeza dhima ya yule aliyeishika amana. Lugha yetu, pengine kwa bahati tu, imewapa jina moja mtoto asiyeweza kusema na udongo huu tunaoukanyaga: wote ni mchanga.

Na kama mtu bado hakubali kwamba ardhi ina haki, basi na awatazame wajao. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na waweza kuendelea hadi miaka 60 na zaidi. Aghalabu anayeangua nazi si yule aliyepanda. Tumekula kilichowekwa ardhini na watu tusiowajua. Anayeutoa udongo kila kitu asirudishe kitu amekula fungu lake na fungu la mjukuu wake, na kuuita unadhifu hakubadilishi hesabu hiyo.

Lakini haki nayo haitaki ukali. Mama anayesomesha watoto kwa kusuka makuti hawezi kuambiwa ayaache yaoze. Haja yake iko mbele, na hapo kuti halikupotea, limekwenda kustiri watu. Kosa liko kwa sisi tusiosuka, tusiosokota wala tusiopikia, ambao hukusanya na kuchoma kwa mazoea tu. Moto ule hauli kwa niaba ya mtu yeyote. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu huu: kwanza haja ya mwanadamu, pili fungu la ardhi, na moto uwe wa mwisho, kwa kilichougua peke yake.

Wala kurudisha si kutupa ovyo. Hili nililijua kwa kukosea. Mwaka wa kwanza niliacha gogo la mnazi uliokufa lioze penye kivuli, nikijiona mwema. Ndani yake akazaliana chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, ambaye mafunza wake hukulia katika magogo yaliyooza na katika marundo ya samadi. Chonga mzima hupanda juu, akatoboa hadi kwenye shaha, yaani moyo wa mnazi. Wapenzi wa ushairi wanalijua neno hilo, kwani ndilo tunalompa mtunzi aliyefuzu. Mnazi una shaha moja tu. Ikifa hiyo, mti mzima umekufa. Nilipoteza mnazi mmoja kwa wema nilioufanya bila maarifa. Na vifuu vilivyolala kifudifudi havina neno, bali vikilala chali hukinga maji, na maji hayo machache yatosha kuzalia mbu waenezao homa ya dengi. Bibi jirani alikuwa na sababu ya kuogopa.

Tandazo lina adabu zake, basi. Makuti hukatwa vipande, hutandazwa kuuzunguka mnazi kwa upana wa hatua mbili, na shina likaachiwa nafasi ya shubiri moja. Tabaka liwe la kuufunika mchanga, lisiwe rundo. Magogo hupasuliwa na kuondolewa. Kule Kerala, pwani ya Bara Hindi, wakulima hufukia makumbi ndani ya mitaro baina ya minazi, upande wa ndani ukitazama juu, ili yahifadhi maji ya mvua chini ya udongo. Anayefanya hivi hafanyi uvivu. Amefagia kwa kupambanua, na kupambanua ndiko kazi ya akili katika jambo lolote la uadilifu. Mvivu huacha kila kitu, naye mwenye pupa huondoa kila kitu, na wote wawili hawakuangalia walichokishika.

Wahenga walituambia aliye juu mngoje chini. Tumezoea kuusema msemo huo kwa kisasi, tukimngojea mkubwa aporomoke tumcheke. Chini ya mnazi nimejifunza kuusikia kwa sauti nyingine. Kuti lililokuwa juu likipepea linangojewa na ardhi iliyolilea, ili irudishiwe kilicho chake.

Sasa uwanja wa mbele ninaufagia kila alfajiri, kwa ufagio uleule wa mama, mpaka pale baraza inapoishia. Nyuma, minazi kumi iliyobaki imesimama ndani ya tandazo. Kaskazi iliyopita bibi jirani alikuja kuomba mchaichai. Akapita huko nyuma, akainama, akafunua majani kwa ncha ya bakora yake. Udongo ulikuwa mweusi, na nyungunyungu wakajificha. Hakunisifu. Alisimama kidogo, kisha akasema: “Panga mawe pembezoni, majani yasitapakae. Mama yako angepanga mawe.”

Jioni ile nilikwenda kuokota mawe.