Aliye Kati Asimsahau Aliye Pembeni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zangu Waislamu,

Mwenye kuzingatia viumbe vya Mola wake hakosi funzo, hata katika nchi ambazo jicho lake halitaziona. Sisi watu wa pwani, upepo wa kusi ukituvumia alfajiri, hujikunyata tukatafuta shuka. Basi ni ipi hali ya wakaao katika Antaktiki, bara la barafu lililo kwenye ncha ya kusini ya dunia?

Huko yuko pengwini, ndege asiyeruka bali huogelea. Katika jamii iliyo kubwa kuliko zote, jike hutaga yai moja tu, mwezi wa Mei au Juni, ndipo baridi inapoingia. Humkabidhi dume, naye akaenda zake baharini kutafuta chakula. Dume huliweka yai juu ya nyayo zake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo lisiguse barafu. Hulilinda kiasi cha siku 65, na muda wote anaokaa bila ya kula hukaribia miezi minne, ilhali baridi hushuka hata digrii 40 chini ya sifuri.

Mafuta na manyoya yake peke yake hayamtoshi. Basi madume hukusanyika kwa mamia na maelfu, wakabanana. Kati ya kundi huwa na joto jingi. Pembeni upepo hukata kama wembe. Lakini kundi halisimami mahali pamoja. Husogea kwa hatua ndogo ndogo: wa pembeni huingia, wa kati hutokea nje, kila mmoja akapata zamu yake. Lau joto lingekuwa milki ya wachache, wa pembeni wangekufa, kisha safu iliyowafuata ndiyo ingekuwa pembeni, hata asibaki mtu wa kumkinga mwenziwe.

Na kwenye ncha ya kaskazini, katika Greenland na Kanada, wako Wainuiti. Wao hawakuumbiwa manyoya, bali walipewa akili na mikono. Walishona nguo mbili za ngozi, ya ndani manyoya yake yakielekea mwilini, ya nje yakielekea nje. Na wakiwa safarini kuwinda walijenga nyumba kwa matofali ya theluji, wakawasha taa za mafuta ya sili. Na ada yao ni kuwa nyama ya mwindaji hugawiwa jamaa na majirani, hata mzee asiyeweza tena kuwinda.

Ndege yule hana sharia wala kitabu. Ni ilhamu ya Mola wake. Sisi tuna vyote viwili, na bado katika mitaa yetu mna mjane alalaye na njaa, na yatima aliyeacha chuo kwa kukosa kanzu, nasi tumekaa barazani tukisema, “Ndiyo kadari.” Kadari haikumkataza mtu kumpisha mwenziwe penye joto! Na aliye kati leo hajui kesho upepo utamkuta wapi.

Wabillahi ttawfiq.