Mjumbe na Amana ya Maneno

Mwanafunzi wa sayansi za jamii aingiapo chuo kikuu, ratiba humpa kazi moja iliyo wazi: ajifunze kusikiliza, kusoma na kuandika Kiingereza cha kitaalamu. Iko kazi ya pili isiyoandikwa katika ratiba yoyote, nayo ni kuwachukua watu wasemao Kiswahili na kuwaingiza katika lugha hiyo. Kazi ya kwanza ina mwalimu na mtihani. Ya pili haina mwalimu wala mtihani, ilhali dhima yake ni kubwa zaidi.

Mwenziwe asomaye jiolojia hana taabu hii. Jiwe halijui limeandikwa kwa lugha gani, wala halidai kitu. Binadamu husema, na usemi wake ndio ushahidi wenyewe. Hapo huzuka suala la maadili: aliyepokea maneno ya watu kwa lugha yao, akayatumia kwa lugha wasiyoijua, ana deni gani kwao?

Nchini Tanzania suala hili lina historia. Kuanzia 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali huko Bara, na Kiingereza kikabaki cha sekondari na chuo kikuu. Wengi hufika chuoni wakiwa wamefaulu mitihani ya Kiingereza bila ya kukizoea. Ndipo hupewa somo la stadi za mawasiliano: namna ya kuandika muhtasari wa mhadhara, kufupisha hoja ya mwandishi, kutaja marejeo na kupanga insha. Ni mafunzo mema, lakini yote huelekea upande mmoja. Mwanafunzi hufunzwa kumwelewa mwenye kitabu na kueleweka na mhadhiri. Mama aliyekaa barazani akajibu maswali saa nzima hayumo katika hesabu.

Chukua mfano wa mirathi. Mtu wa Unguja amefariki, ameacha mke, mabinti wawili na ndugu yake mmoja wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumuni, mabinti hupata thuluthi mbili, na kilichobaki ni cha yule ndugu, ambaye kwa mabinti ni ami yao. Mjomba wao, kaka wa mama yao, hana fungu katika mali hiyo. Kwa marehemu yeye ni shemeji tu. Sasa binti anamwambia mwanafunzi kwamba ami yake amechukua sehemu ya shamba. Kiingereza cha kila siku kina neno moja tu kwa ami na mjomba. Mwanafunzi akiliandika neno hilo pasi na maelezo, msomaji wa mbali hatajua kama aliyechukua ni mrithi mwenye haki au ni mtu aliyedhulumu mayatima. Hakuna uongo uliosemwa, na huenda kisarufi sentensi ikawa haina kosa hata moja. Lakini haki ya mtu imepotea katika neno hilo moja.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mjane anaulizwa juu ya maisha yake, naye anajibu, "Alhamdulillahi, tunajisitiri." Katika jibu hilo mna uhaba, mna shukurani, na mna mpaka: hapa ndipo nilipofunika, usipite. Mwanafunzi aliyefunzwa kutafuta istilahi atamwandika kuwa ni maskini, au kwamba anamudu kwa shida. Pengine takwimu zitamuunga mkono. Hata hivyo yule mjane hakusema hivyo. Alijisitiri kwa lugha yake, akafunuliwa kwa lugha ya mwingine, na kwa kuwa haisomi, hatajua kamwe kwamba alifunuliwa.

Isidhaniwe kuwa wageni wa Kiingereza peke yao ndio wajikwaao. Wanafunzi wa fani hii humsoma Marx, Weber na Durkheim kwa Kiingereza, ilhali Marx na Weber waliandika vitabu vyao vikuu kwa Kijerumani, na Durkheim kwa Kifaransa. Mwaka 1930 Mmarekani Talcott Parsons alipofasiri kitabu cha Weber juu ya maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari, maneno ya Kijerumani yenye maana ya gamba gumu kama chuma cha pua aliyafanya kuwa kizimba cha chuma. Kizimba kikapata umaarufu duniani kote. Lakini mpenda mashairi ataona tofauti mara moja. Kizimba kikifunguliwa mlango, mfungwa hutoka akiwa vilevile alivyoingia. Gamba huambatana na mwili, na mwili huzoea kuishi ndani yake. Neno moja limegeuza fikra ya mtu, naye ni mtu mashuhuri ambaye asili ya maneno yake ipo, na wapo wa kumtetea. Yule mjane asili ya maneno yake ilikuwa sauti, na sauti imekwisha.

Wapo watakaotoa hukumu ya haraka kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Kiingereza na kiachwe, kila kitu kiandikwe kwa Kiswahili. Pendekezo la kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia hadi vyuo vikuu si geni; tume ya rais ililitoa mwaka 1982, na serikali haikulitekeleza. Sababu za kulitetea ni nyingi. Hata hivyo, tasnifu ya Kiswahili iliyojaa istilahi za kamusini nayo yaweza kuwa mbali na baraza ya mjane. Aidha Kiingereza kina maarifa yake. Kiswahili husema "jamii" kwa watu wa mtaa mmoja wanaojuana, na pia kwa mamilioni wasiojuana. Kiingereza hulazimisha kuchagua. Mwanafunzi aliyelazimishwa hivyo huanza kuuliza jambo ambalo pengine asingeliuliza. Kujifunza lugha ya pili si kuacha asili. Kuacha asili ni kujifunza ya pili huku ya kwanza ikidhaniwa haihitaji kujifunzwa.

Ipo methali nyingine ifaayo zaidi hapa: mjumbe hauawi. Watu huikumbuka kama kinga ya mjumbe, wakasahau sharti lililomo. Hauawi kwa kuwa maneno si yake. Akiyapunguza au akiyapamba, yamekuwa yake, na kinga imemtoka. Mwanafunzi wa sayansi za jamii ni mjumbe wa namna hiyo, na maneno aliyopewa ni amana. Hivyo kukisoma Kiingereza kwa kina ni wajibu kwa yule asiyekijua, kwani Kiingereza kibovu cha mjumbe humdhulumu aliyemtuma kabla ya kumuaibisha mjumbe mwenyewe. Na pale Kiingereza kinapokosa neno, wajibu ni kuliacha neno la Kiswahili lisimame, na kulieleza.

Jambo hili limewahi kufanyika. Azimio la Arusha la 1967 lilitolewa kwa Kiswahili, kisha likafasiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 1968 Julius Nyerere, ambaye mwaka 1952 alihitimu Edinburgh, alichapisha kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake huanza na neno "Ujamaa". Wasomaji wa mbali wakalazimika kulijifunza. Mtu aweza kuupinga ujamaa wenyewe na bado akakubali kwamba neno lilifika salama.

Imebaki safari ya kurudi, ambayo vyuo havitoi alama kwayo. Kurasa mbili au tatu za Kiswahili chepesi, zilizosomwa kwa sauti mbele ya waliohojiwa, zingempa yule binti nafasi ya kusema, "La, niliyemtaja ni ami yangu, si mjomba," na mjane nafasi ya kusema ni lipi angependa libaki limefunikwa. Huenda tasnifu ikapungua uzuri kwa masahihisho hayo. Lakini mwenye amana atakuwa ameiona amana yake.