Tuipambe Bustani Ipi? Swali la Haki katika Mji wa Rusizi

Tuseme kwamba wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, imepata fungu la fedha linalotosha kutengeneza uwanja mmoja tu wa watu wote: kupanda miti, kujenga viti, na kuweka humo kazi ya sanaa, iwe sanamu, iwe nakshi za mawe, iwe michoro ya ukutani. Fedha hizo haziwezi kugawanywa, kwani zikigawanywa hazitatosha popote. Je, uchaguliwe uwanja upi? Wengi watajibu upesi kwamba hilo ni swali la mafundi na wapima ardhi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba, kabla halijawa swali la mafundi, ni swali la haki. Na kwamba sababu inayotufanya tuchague mahali fulani ndiyo inayoamua pia kitu gani kitajengwa hapo.

Fungu hilo la fedha ni la kubuni, lakini mji wenyewe si wa kubuni. Rusizi ni mmojawapo wa miji sita ambayo serikali ya Rwanda imeiteua ikue sambamba na Kigali. Mingine ni Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare. Wengi bado huuita Cyangugu, jina la mji wa kale ulio chini, ukingoni mwa Ziwa Kivu, pale mto Rusizi unapotoka ziwani kwenda Tanganyika. Ng'ambo ya maji ni Bukavu, mji wa Kongo. Mpaka baina ya kingo hizo mbili ulikatwa na wakoloni kwa mapatano ya mwaka 1910, wala wenyeji wa upande wowote hawakuulizwa. Juu kilimani ni Kamembe, penye soko na maduka, na kuuzunguka ni miteremko ambako nyumba zimepandana kama ngazi.

Katika mji kama huu mahali pawili panajitokeza mara moja. Pa kwanza ni kando ya ziwa, karibu na daraja la mpakani, ambapo kila mgeni hupita. Pa pili ni kiwanja kitupu katika mtaa wowote wa mteremkoni, ambapo watoto hucheza mpira wa matambara na ambapo hakuna mgeni afikaye. Yafaa tuzisikilize hoja za pande zote mbili kwa subira, kwani kila upande una haki yake.

Wanaotaka mpakani husema hivi: mali ya umma itumike pale inapowanufaisha watu wengi zaidi. Sanamu inayoonwa na maelfu ina faida kuliko ile inayoonwa na kaya mia. Tena mpaka ni mlango wa nyumba, na hakuna mwenye nyumba anayefagia uani akauacha mlango. Wahenga nao walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akipendezwa atalala, atakula, atanunua, na faida itapanda mpaka mteremkoni. Hoja hii ina nguvu, nasi tusiibeze kwa kudai kwamba ni hoja ya wafanyabiashara tu. Mji usio na fedha hauwezi kuwatunza hata hao maskini wake.

Wanaotaka mteremkoni hujibu kwamba hesabu ya wingi ina upofu wake. Huwahesabu watu bila kutazama kila mmoja ana nini tayari. Mgeni anayepita mpakani ana bustani kwao, na akifika hoteli atakuta bustani nyingine. Mtoto wa mteremkoni hana hata moja. Mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya haki, alitufundisha kupima tofauti za mali na madaraka katika jamii kwa kutazama zinamfanyia nini aliye chini kabisa. Hata asiyemsoma Rawls hulijua jambo hili nyumbani kwake: mzazi mwenye shati moja la kugawa hampi mtoto mwenye mashati matatu, hata kama huyo ndiye atakayeonekana na wageni.

Hapa huinuka mtu wa tatu na kutukemea sote wawili. Kwa nini sanaa hata kidogo? Mteremkoni mvua ikinyesha udongo huporomoka. Jengeni mitaro kwanza. Sanamu hailiwi. Kemeo hili ni la kweli kwa nusu yake. Nyumba iliyo hatarini kusombwa haihitaji nakshi, yahitaji ukuta wa mawe, na mtu asiyekiri hivyo hastahili kukabidhiwa fedha za umma. Lakini nusu ya pili ina kosa, nalo ni kudhani kwamba maskini huanza kutaka uzuri akishashiba. Tazameni vyombo vya watu wetu. Kikapu cha Mnyarwanda kingebeba nafaka ile ile bila ya mapambo, na mkeka wa mwambao ungelaliwa vile vile bila ya rangi. Wanawake wa Gisaka, mashariki ya nchi, walipamba kuta za nyumba zao kwa imigongo, ambayo malighafi yake ni samadi ya ng'ombe na majivu. Hao hawakungoja wapate fedha ndipo wapende uzuri. Kumwambia mkaazi wa mteremkoni kwamba haki yake ni mtaro tu, na kwamba uzuri ni wa wenye hoteli, ni kumpunguzia utu wake. Isitoshe, mambo haya mawili hayagombani kila mara. Bustani ya Nyandungu mjini Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2022 katika eneo la hekta 121, ilikuwa kinamasi kilichoharibika. Leo kinamasi hicho husaidia kusafisha maji na kupunguza mafuriko, na papo hapo watu hutembea humo chini ya miti.

Basi turudi kwenye uchaguzi wetu, tukiwa tumeshaonywa. Kuna hatari moja ambayo hoja zote mbili hazijaitaja: kwamba mahali huenda pakachaguliwa si kwa ajili ya wengi wala kwa ajili ya maskini, bali kwa ajili ya anayechagua. Mwaka 1989, mjini Nairobi, ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais aliyekuwa madarakani, Daniel arap Moi. Wangari Maathai aliupinga kwa barua moja baada ya nyingine, akatukanwa hadharani na hata bungeni, lakini hakunyamaza. Wafadhili wakasita, na mpango ukafa. Wale waliopanga sanamu ile walikuwa wamechagua mahali panapoonekana sana, nao hawakukosea kwa kipimo cha wingi wa macho! Kosa lao ni kwamba waliyahesabu macho wakaisahau miguu. Bustani ile ilikuwa mahali pa mtu wa mjini asiye na ua wala fedha za kwenda pengine, anayejilaza nyasini siku ya Jumapili. Nao walitaka kumwondolea nyasi wampe kitu cha kutazama.

Mtu asidhani kwamba hatari hiyo hutoka kwa watawala peke yao. Hata sanaa iliyofanywa kwa nia safi, na kwa mkono wa bingwa, huweza kuwadhulumu wanaopita. Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliweka katika uwanja mmoja wa New York kazi ya mchongaji mashuhuri Richard Serra, iitwayo Tilted Arc: ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa mita 36 na kimo cha mita 3 na zaidi, uliokata uwanja katikati. Wafanyakazi wa ofisi za pale wakalalamika kwamba wamezibiwa njia na mahali pa kupumzikia. Mwaka 1985 kikaitishwa kikao cha hadhara. Watu 180 walisema. 122 walitetea kazi ibaki, na 58 walitaka iondolewe. Hata hivyo mwaka 1989 iliondolewa. Kisa hiki kina funzo lenye makali pande mbili. Hao 122 wengi wao walikuwa wasanii na wajuzi wa sanaa, na kikao kikihesabiwa kwa vichwa wao ndio walioshinda. Lakini si wao waliokuwa wakiuzunguka ukuta ule kila asubuhi. Wakati huo huo, hatuwezi kusema kwamba kila kinachochukiwa leo kivunjwe kesho, maana sanaa nyingine huhitaji muda ili ieleweke. Kosa kubwa lilikuwa mwanzoni: wenye kupita hawakuulizwa kabla, ndipo wakaulizwa baada ya chuma kusimikwa, wakati ambapo kila jibu lilikuwa lazima limuumize mtu.

Lugha yetu yenyewe ilikwisha kutuonyesha njia, ila hatukuitazama. Neno baraza lina maana mbili. Ni kile kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi jioni. Na ni mkutano wa watu wanaoshauriana na kuamua. Sidhani ni bahati nasibu kwamba neno ni moja. Walioketi ndio walioamua, nao waliamua pale pale walipoketi. Mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda huwa anawatahadharisha wanafunzi wake kwamba imbuga ya Kinyarwanda si mbuga ya Kiswahili: yetu ni nyika wanakokaa wanyama, na yao ni uwanja wa mbele ya nyumba, mahali pa kupokelea watu. Kigali waliupa uwanja wa katikati ya mji, ambako magari yamekatazwa, jina la Imbuga. Jina hilo lina madai ndani yake: kwamba mji nao una uwanja wa nyumbani, na mwenye nyumba ni kila mtu.

Tukikubali hivyo, kuuliza watu si adabu tu, ni sehemu ya haki yenyewe. Na kuuliza kwenyewe kuna masharti. Waulizwe wale wanaopita kwa miguu, katika saa wanazopita, na kwa lugha wanayoisema. Mpakani mwa Rusizi hii maana yake ni Kinyarwanda, na ni Kiswahili pia, ambacho wachuuzi wa pande mbili walikitumia kupatana bei muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo halipigiwi kura. Uko mjini humo uwanja wa michezo wa Kamarampaka. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia usalama walizuiwa humo. Baadhi yao wakaitwa kwa majina, wakatolewa nje na kuuawa. Mahali kama hapo hapaingizwi katika mashindano ya bustani nzuri. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kama kuna la kupachikwa hapo, la kwanza kusikilizwa ni neno la walionusurika, hata kama ni wachache, hata kama neno lao ni: pacheni palivyo. Wingi wa watu ni kipimo kizuri cha kugawia viti na vivuli. Si kipimo cha kugawia kumbukumbu.

Sasa nitoe uamuzi wangu, kwani si haki kumzungusha msomaji kisha kumwacha njiani. Mimi ningechagua mpakani. Lakini nisingepachagua kwa sababu ya mgeni wa hotelini. Ningepachagua kwa sababu ya mwanamke mwenye kapu kichwani na mtoto mgongoni, anayevuka kwenda kuuza nyanya au samaki Bukavu na kurudi jioni, na ambaye kila mpaka duniani humlazimisha asimame angoje. Wachuuzi hao, wengi wao wanawake, ni wengi na ni maskini kwa pamoja. Kwao, kipimo cha wingi na kipimo cha uhitaji hukutana mahali pamoja. Na sababu ikibadilika, kazi nayo hubadilika. Ukipamba mpaka kwa ajili ya mgeni aliye garini, utasimika sanamu ndefu ya kuonwa kwa mbali. Ukiupamba kwa ajili ya anayengoja, utapanda miti ya kivuli, utajenga baraza ndefu ya mawe yenye nakshi, utaweka mahali pa kutulia mzigo, na mchoraji utampa ukuta ulio usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Mgeni naye atapendezwa. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, huwavuta wageni kwa sababu wenyeji wenyewe hujaa humo kila jioni kupunga upepo na kula. Mgeni hufuata penye watu.

Najua uamuzi huu una gharama. Mtoto wa mteremkoni ataendelea kucheza katika kiwanja kitupu. Sina haki ya kulificha hilo nyuma ya maneno mazuri. Namdai mwenye kuamua mambo mawili: aende mteremkoni mwenyewe, aeleze sababu mbele ya wazazi, na zamu ifuatayo iandikwe kwa jina la mtaa, si kwa ahadi ya mdomo. Anayenyimwa akaelezwa sababu ana pa kushika. Anayenyimwa kimya kimya amedharauliwa.

Mwalimu mwenzangu, swali hili si la Rusizi peke yake. Wape wanafunzi wako insha: katika mji au kijiji chetu, kama pangetengenezwa mahali pamoja tu, pawe wapi, na kwa ajili ya nani? Usiwasahihishie mahali walipopachagua. Wasahihishie sababu.