Kufa Kufaana

Vijana wengi wa rika langu wakitazama chati ya Bitcoin wanatafuta nyayo. Tumefundishwa kwamba benki na mifuko mikubwa ya uwekezaji hainunui bila kuacha alama, na kwamba mdogo mwenye akili huzifuata. Binamu yangu, mwaka wa pili chuoni, ameniomba nimfundishe kuzisoma. "Kaka, boom likiingia tu naanza," ameniambia. Kuzisoma naweza. Swali linalonisumbua ni la maadili.

Tuangalie somo lenyewe. Anayenunua akitegemea bei ipande huacha amri: bei ikishuka hadi hapa, niuzie, nisipoteze zaidi. Wengi huiweka mahali pamoja, chini kidogo ya bei ya chini ya karibuni. Mnunuzi mkubwa anahitaji wauzaji wengi kwa mpigo, na amri hizo zikiguswa, wauzaji hao wanapatikana. Bei inashuka, wadogo wanatolewa kwa hasara, kisha bei inapanda. Mwanafunzi anaelekezwa asubiri papo hapo, anunue wenzake wanapotolewa. Rundo la amri hizo linaitwa ukwasi. Ni neno safi, lakini ndani yake kuna ada ya mtu, na kodi ya chumba ya mwingine.

Utetezi wa kwanza ni kwamba hakuna aliyelazimishwa. Ni kweli. Machinga naye hununua rahisi na kuuza ghali. Ila mteja wa machinga huondoka na shati. Katika mikataba ya kubashiri bei, ambako vijana wengi huchezea, faida yangu ni hasara ya mtu mwingine, shilingi kwa shilingi, na soko linakata ada yake kwa wote wawili. Tukijumlishwa sote, tunatoka na pungufu ya tulichoingia nacho.

Utetezi wa pili ni kwamba wanaowinda ni wakubwa, sisi tunafuata tu. Mapema karne ya 20, Mmarekani Richard Wyckoff aliwashauri wanafunzi wake walitazame soko kana kwamba linaendeshwa na mtu mmoja. Kwake ilikuwa njia ya kufikiri. Wengi wetu tumeifuta "kana kwamba", tukabaki na huyo mtu, kwa sababu anatufaa: akiwepo, lawama zote ni zake. Hata hivyo, machoni pa huyo mkubwa, mimi na binamu yangu nasi ni ukwasi.

Kuna kejeli ya kihistoria hapa. Bitcoin ilianza Januari 2009, na ndani ya bloku yake ya kwanza kuna kichwa cha habari cha gazeti la Uingereza kuhusu serikali kuokoa benki. Ilizaliwa na shaka juu ya wakubwa. Januari 2024 Marekani iliruhusu mifuko inayoshikilia Bitcoin kuuzwa katika masoko ya hisa, ukiwemo wa BlackRock. Miaka 15 tu, na waliotaka kuwakimbia wakubwa sasa wanasomea nyayo zao.

Lakini kinachonizuia zaidi ni hiki: mbinu hii inahitaji wasioijua. Sote tukijifunza, hakuna atakayeacha amri yake pale, na hakutakuwa na cha kusubiri. Kwa hiyo anayeifundisha kwa maelfu kama njia ya kuwakomboa vijana anawaahidi wote kitu ambacho wachache tu wanaweza kukipata, tena kutoka kwa hao hao wengine. Hata ridhaa ya aliyeweka amri inapungua uzito, maana aliridhia mchezo ambao sheria yake kuu hakuambiwa.

Nimemjibu binamu yangu kwamba nitamfundisha, ila tutaanza na hesabu ya nani analipa. Nitamwonyesha kwenye chati mahali ambapo boom lake lingesimama, na nani angekuwa analisubiri. Akishaona hapo, uamuzi ni wake, na neno ukwasi hatutalitumia. Tutasema watu.