Mmisionari Aliyeahirisha Kupumzika

Ndugu zangu tunaohudumu Goma, mwenzetu akipata mwaliko wa mwaka wa sabato ng'ambo, yaani mwaka wa kuweka kazi chini, kuomba, kusoma na kupumzisha mwili, jibu letu la haraka ni "bado". Mwaka 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Mwaka 2021 mlima ukalipuka tena. Januari 2025 vita viliingia mjini. Nani angeondoka nyakati kama hizo? Sababu zetu ni za kweli, na hapo ndipo penye hatari. Nisimulie habari za mtu ambaye sababu zake hazikuwa za uongo hata kidogo.

Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, alifika Zanzibar mwaka 1876 akitumwa na shirika la kimisionari la CMS. Mwaka 1878 aliingia Buganda kwa Kabaka, yaani mfalme, Mutesa. Huko alifua chuma, akachapisha sehemu za Injili kwa Kiganda, akafundisha watu kusoma. Tangu atoke kwao hakurudi tena, na ilikaribia miaka 14.

Dalili za kumtaka apumzike hazikukosekana. Homa ilimrudia mara kwa mara. Mwaka 1886 mwenzake aliondoka, naye akabaki peke yake karibu mwaka mzima chini ya Mwanga, kabaka aliyekuwa akiwaua Wakristo. Baadaye alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, na huko Machi 1888 Askofu Parker na mmisionari Blackburn walifariki katika mwezi mmoja. Mwaka 1889 msafara wa mvumbuzi Stanley ulipumzika kituoni kwake ukielekea pwani. Msafara ukaondoka, Mackay akabaki.

Lakini dalili iliyo kubwa kuliko zote haikuwa ya mwili. Julai 1887 Mwanga alimlazimisha aondoke Buganda. Je, kanisa lilikufa? Halikufa. Waganda waliojifunza kusoma waliendelea kukutana, kuomba na kufundishana, ingawa damu ya wenzao ilikuwa imemwagika. Mungu alikuwa amekwisha kumwonyesha kwamba kazi ile haikusimama juu ya mabega yake.

Wakuu wake walipomtaka arudi nyumbani, mwanzoni mwa 1890 alijibu kwamba huo haukuwa wakati wa kuacha zamu, kwa kuwa watenda kazi walikuwa wachache mno. Walete kwanza watu ishirini, ndipo afikirie safari. Februari mwaka huohuo malaria ilimuua, akiwa na umri wa miaka 40.

Hatuwezi kusema kwamba angeondoka angeishi, wala simcheki mtu jasiri kiasi kile. Ila tulitazame sharti lake. Watu ishirini! Mwenye kuweka sharti la namna hiyo, hata kwa moyo safi, amejifungia mlango mwenyewe. Nasi tuna masharti yetu: amani irudi kwanza, jengo liishe kwanza, apatikane anayefaa kwanza. Hata mimi ninayeandika haya, sharti la namna hiyo halikosi mdomoni mwangu.

Miaka mitatu baada ya kifo chake, Askofu Tucker aliwabariki Waganda wa kwanza kuwa mashemasi. Wanaofaa walikuwapo, tena wengine walikuwa miongoni mwa wale waliofundishwa katika siku zile ngumu.

Katika Marko sura ya 6, Yesu aliwaita mitume wakapumzike wakati watu walikuwa bado wanamiminika, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Hakungoja umati uishe.

Basi, ndugu yangu, mwaliko ukifika, usiulize kama Goma imetulia. Uliza ni nani utakayemkabidhi funguo, daftari la hesabu na orodha ya wagonjwa, kisha uanze kumzoeza leo. Mwachie makosa yake madogo ayarekebishe mwenyewe. Ukishavuka mpaka wa Grande Barrière kuingia Gisenyi, Rwanda, usiongoze parokia kwa simu kila usiku, maana kufanya hivyo ni kuhamisha kiti tu, si kupumzika. Na ukiona huna hata mtu mmoja wa kumkabidhi, hiyo si sababu ya kukataa safari. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kuiandaa.